Jezi Nyeusi Isiyouzwa

Hapa tumezoea kuhakiki riwaya na tamthilia. Leo naomba ruhusa nihakiki hadithi isiyo na jalada wala kurasa, ambayo toleo lake la juu kabisa ukilitaka jipya utalitoa kwa zaidi ya pauni 10,000. Hadithi hiyo inaitwa Pinarello, baiskeli ya mbio kutoka Treviso, kaskazini mwa Italia. Waendesha baiskeli wengi hawataki hata kuisikia. Wanaoipenda wanajibu kwamba wenzao wana wivu, basi. Mimi nasema chuki hiyo ina haki yake, ila wengi wetu tunairusha pasipo.

Tuanze na hadithi yenyewe, kwa sababu ni nzuri, na uzuri wake ndio unaoniudhi.

Giovanni Pinarello, waliyemwita Nani, alikuwa mwendesha baiskeli wa kulipwa. Mwaka 1951 alimaliza Giro d'Italia akiwa wa mwisho kabisa. Tangu 1946 wa mwisho alikuwa akipewa jezi nyeusi, na kwa kuwa jezi ilikuja na zawadi, watu walianza kushindana kushindwa. Luigi Malabrocca alisifika kwa kujificha njiani ili muda umpite vizuri. Nani ndiye wa mwisho kuivaa, maana baada ya hapo jezi ilifutwa. Mwaka uliofuata timu yake, Bottecchia, ilitaka nafasi yake katika Giro apewe Pasqualino Fornara. Ikampa Nani lire 100,000 akae pembeni. Akazipokea, akaenda kuanzisha biashara ya baiskeli.

Ungekuwa mwandishi, ungetamani kuitunga wewe. Mtu aliyelipwa asishindane anaunda baiskeli ya washindi. Miguel Indurain alishinda Tour de France mara tano mfululizo, 1991 hadi 1995, akiwa na timu iliyopanda Pinarello. Kisha ikaja Team Sky, baadaye Ineos: kati ya Tour nane za 2012 hadi 2019, saba zilichukuliwa na wapandaji wa timu hiyo, wote juu ya Pinarello. Kutoka jezi nyeusi hadi ya njano.

Sasa, wanaochukia wanachukia nini? Nimesikia sababu tatu zaidi ya nyingine zote.

Ya kwanza ni timu. Team Sky ilikuwa na hela nyingi, na ilipanga watu wake mbele ya kundi mlimani kama behewa za treni, mpaka mbio zikakosa ladha. Halafu yakaja maneno ya dawa. Mwaka 2018 kamati ya Bunge la Uingereza ilisema timu ilivuka mstari wa maadili katika kutumia dawa zilizoruhusiwa kwa matibabu. Timu ilikanusha. Chris Froome alikutwa na kiwango cha juu cha dawa ya pumu katika Vuelta ya 2017, akasafishwa mwaka uliofuata. Kabla ya hapo, kwenye Tour ya 2015, alisema mtazamaji alimmwagia kikombe cha mkojo barabarani. Hasira zote hizo zikaigandia baiskeli. Jamani, fremu haina mdomo wala daktari. Kama una neno na timu, iambie timu.

Ya pili ni Asia. Eti Pinarello inajiita ya Kiitaliano, kumbe fremu zake za kaboni zinafinyangwa Asia kisha zinamaliziwa Italia. Hapa siko na wachukiaji hata kidogo. Anayesema kitu ni kibovu kwa kuwa kimetoka mikononi mwa fundi wa Taiwan ana dharau ya zamani ndani yake, na sisi tuliokulia juu ya Phoenix ya Uchina na Hero ya India hatuna sababu ya kuirithi. Nyuzi zenyewe za kaboni zinatoka Toray ya Japani, na hakuna anayezilalamikia. Tena mambo ya jina moja kufunika kazi ya mkono mwingine hayakuanza na Waasia. Baadhi ya fremu za Indurain zilichomelewa na fundi Dario Pegoretti, Mwitaliano, na jina lililoonekana kwenye televisheni halikuwa lake.

Ya tatu ni bei, pamoja na wale wanaoimudu. Ulaya na Marekani kuna mzaha kwamba baiskeli za namna hii ni za madaktari wa meno: tumbo mbele, mkoba umejaa, mlimani anashuka anasukuma. Mzaha unachekesha mara moja. Mtu na hela yake. Akitaka kusukuma baiskeli ya bei ya nyumba mlimani, amtendee nani kosa?

Kwa hiyo chuki niliyonayo mimi si ya timu, si ya Asia, wala si ya daktari wa meno. Ni ya msomaji aliyeona hadithi ya mnyonge imegeuzwa bango la kumwambia mnyonge kwamba anashindwa kwa sababu hana hela ya kununua ushindi.

Angalia inavyouzwa. Chama cha kimataifa cha mchezo huu, UCI, kina sheria kwamba vifaa vinavyotumika mashindanoni lazima viwe vinauzwa kwa umma. Nia ni njema: asiwepo wa kuficha mashine ya siri. Lakini ikifika dukani sheria hiyo inakuwa ahadi: hii ndiyo aliyopanda bingwa, nawe unaweza kuwa nayo. Kila toleo la Dogma, kinara wa familia ya Pinarello, linakuja na habari ya ugumu mpya, wepesi mpya na umbo jipya la kukata upepo. Lakini tangu 2000 UCI imeweka kikomo cha kilo 6.8, baiskeli nyepesi kuliko hapo huruhusiwi kushindana nayo. Na upepo? Sehemu kubwa zaidi ya upinzani wa hewa inatokana na mwili wa mpandaji, wala si fremu. Inamisha mgongo, kunja viwiko, umepata zaidi ya utakachopata kwa kubadilisha toleo. Sisemi fremu nzuri haina faida. Kwa bingwa anayegombea sekunde inayo. Kwa kijana anayeachwa dakika kumi, anauziwa jibu la swali ambalo hakuuliza.

Mfano bora wa hilo ni Froome mwenyewe, na hapa hadithi ya Treviso inapita kwetu.

Froome alizaliwa Nairobi mwaka 1985. Aliyemfundisha baiskeli ni David Kinjah, huko Kikuyu, pamoja na vijana wa Safari Simbaz. Hakukuwa na Dogma pale. Kulikuwa na baiskeli za kuungaunga, vilima na mwalimu. Mwaka 2006 alipanda kwa bendera ya Kenya katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, Melbourne. Mwaka huohuo akafika mashindano ya dunia ya vijana, Salzburg. Alifikaje? Ameeleza mwenyewe katika kitabu chake: aliingia kwenye barua pepe ya chama cha baiskeli cha Kenya akajiandikisha kana kwamba ni chama kinachoandika. Kisha, tangu 2008, akapanda kwa leseni ya Uingereza. Tour nne zilizofuata zimeandikwa Uingereza.

Sasa niambie, kilichomtoa Kikuyu hadi jezi ya njano ni fremu? Alihitaji jina lake liwe kwenye orodha ya mashindano, na ilibidi aliingize kwa hila. Alihitaji pasipoti inayofungua milango, na kwa bahati ya kuzaliwa alikuwa na haki nayo. Vijana aliopanda nao vilima vilevile hawakuwa na haki hiyo. Pinarello ilimkuta njiani, milango mikubwa yote imeshafunguka. Lakini picha inayobaki ni ya bingwa na baiskeli yake. Kinjah haonekani, wala ile barua pepe, wala dirisha la viza. Hapo hadithi nzuri imegeuka uongo, na uongo huo una wateja huku kwetu pia. Vilabu vya baiskeli vinaongezeka Nairobi, Kigali na Dar, jambo la kufurahisha. Ila na maneno yanaongezeka: kijana anaambiwa hawezi kwenda mbali na chuma alicho nacho. Anaanza kutafuta mfadhili wa kumnunulia fremu, wakati anachokosa ni mbio kumi za ushindani kwa mwaka na chama kinachojibu barua pepe.

Halafu kuna swali la nani anaisimulia hadithi ya jezi nyeusi siku hizi. Nani alifariki mwaka 2014. Mwishoni mwa 2016 sehemu kubwa ya kampuni ilichukuliwa na L Catterton, mfuko wa uwekezaji wenye mkono wa LVMH, wale wa mikoba na shampeni. Mwaka 2017 tangazo la baiskeli yao ya umeme, Nytro, lilimwonyesha binti anayefurahi kwamba sasa ataweza kwenda sambamba na mpenzi wake. Watu wakawaka, kampuni ikaomba radhi. Kampuni iliyoanzishwa na mtu wa mwisho ilikuwa imesahau kumheshimu aliye nyuma.

Mwaka 2023 ikanunuliwa na Ivan Glasenberg, aliyekuwa mkuu wa Glencore kuanzia 2002 hadi 2021. Wasomaji wetu wa Kolwezi hawahitaji kuelezwa Glencore ni nani. Ndiyo kampuni kubwa ya shaba na kobalti kwenye migodi ya Kamoto na Mutanda. Mwaka 2022 kampuni hiyo ilikiri mahakamani makosa ya rushwa katika nchi kadhaa, Kongo ikiwemo. Kampuni ndiyo iliyokiri. Glasenberg binafsi hakushtakiwa katika kesi hizo, na nalisema ili isionekane namsingizia. Ninachosema ni chepesi zaidi ya tuhuma. Katika mji huohuo wa Kolwezi wachimbaji wadogo wanabeba magunia ya mawe kwa baiskeli, wakisukuma kwa mkono kwa sababu mzigo hauachi nafasi ya kukaa. Hao, kama kuna mtu, ndio wenye haki na jezi nyeusi. Utajiri uliopita juu ya ardhi yao sasa unamiliki hadithi ya mtu wa mwisho, na hadithi hiyo inauzwa kwa watu wa mwanzo.

Najua nitajibiwa: sizitaki mbichi hizi. Sungura kashindwa kurukia ndizi sasa anazitukana. Mimi naendesha mtumba wa Japani, gia zinaruka nikikanyaga kwa nguvu, na sikatai kwamba ningepewa Dogma ningeipanda mpaka giza. Ni mashine nzuri. Ndizi zimeiva, nakubali. Ila uzuri wa ndizi haumzuii mtu kuuliza shamba ni la nani.

Nitajibiwa tena: kwani ni Pinarello peke yake? Colnago nayo tangu 2020 iko mikononi mwa wawekezaji wa Abu Dhabi, na bei zake hazina huruma vilevile. Kweli. Lakini sijaona chapa nyingine iliyopewa bure na historia somo kubwa kama la 1951 na kulitumia vibaya hivi. Somo lenyewe liko wazi. Nani hakushindwa kwa sababu ya fremu mbaya, wala hakufanikiwa kwa sababu ya fremu nzuri. Alifanikiwa kwa kuwa siku alipoondolewa kwenye mbio, kuna aliyemwekea lire 100,000 mkononi.

Kijana wa Kikuyu, wa Huye au wa Mwanza anayeondolewa kwenye mbio kwa kukosa viza hapewi kitu. Anarudi kufanya kazi ya boda. Kama Pinarello wanaipenda hadithi yao kweli, waanzie hapo: wamlipe wa mwisho. Wagharimie mbio huku, leseni, tiketi, karakana moja yenye spana kamili na fundi anayelipwa. Kwa bei ya Dogma moja kazi nyingi ingefanyika. Wasipotaka, ni biashara yao, waendelee kuuza baiskeli. Lakini wasitusimulie tena habari za jezi nyeusi, na sisi tusiwachekee wanaoichukia chapa hiyo bila kujua sababu. Sababu wanayo. Walikuwa hawajaisema sawasawa.