Beji Yetu na Eropleni

Wenzangu huniuliza mbona niliacha uhandisi wa mitambo nikashika kazi ya kuchora nembo na mabango. Nawajibu kwamba mwalimu wangu ni yule yule: eropleni. Nikisimama karibu na daraja la Katunguru naziona zile ndogo zikiteremkia Mweya, wala hazina pambo la bure, maana kila ratili ya ziada yala mafuta. Tazameni pia korongo mwenye taji mkiani mwa ndege za Uganda Airlines, shirika lililoanza kuruka tena mwaka 2019. Hata aliye mbali amtambua. Sasa beji mpya inayopendekezwa kwa shule yetu ina mlima, kitabu, mwenge, samaki na tembo! Ukiitazama kutoka goli la pili ni doa tu. Naomba tubakize mlima. Tembo wanatutosha barabarani.