Si Kila Kijidudu ni Adui

Wako watu wasemao kwamba bakteria wote ni adui, na heri wafe. Usikubali neno hilo, msomaji, kabla ya kung'oa mharagwe mmoja katika shamba la Meru au Embu. Mizizini utaona vinundu vidogo. Pasua kimoja, na kikiwa chekundu ndani, ujue kazi inafanyika. Humo hukaa bakteria waitwao raizobia, ambao Beijerinck wa Uholanzi aliwatenga mwaka 1888. Huchukua naitrojeni ya hewani wakaulisha mmea, nao mmea huwapa sukari.

Je, huingiaje mzizini bila kufukuzwa? Vazi lao huwasaidia. Ngozi yao ya nje ina molekuli za sukari zilizoshikamana na mafuta, na jeni zao ndizo ziamuruzo ushonaji wake. Wataalamu walipoharibu baadhi ya jeni hizo, bakteria walikwama njiani, na vinundu vya maharagwe vikawa vitupu.

Watabisha: "Mbona bakteria wa homa ya matumbo naye ana vazi la namna hiyo?" Kweli analo, na mafuta yake huamsha homa mwilini. Basi tusihukumu vazi, tuhukumu kazi ya mvaaji. Huyo wa homa muue kwa kuchemsha maji. Walakini mkulima amwagiaye maharagwe naitrojeni nyingi ya dukani, asitazame mizizi kwanza, huzuia vinundu kuota; atoa fedha ili kumfukuza mtumishi asiyemdai hata senti.