Sikukuu Zitajwe Katika Amri: Risala ya Waumini wa Gisenyi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Sisi Waislamu wa mji wa Gisenyi, Rwanda, pamoja na majirani zetu wanaochuuza mpakani, tunakushukuru kwa kuja kutusikiliza. Hatukuja kulalamikia barakoa wala chanjo za korona. Hayo tuliyatii, na maradhi yakirudi tutayatii tena. Khalifa Umar alipopata habari njiani kwamba tauni imeingia Sham, aligeuza msafara akarudi Madina. Basi asije mtu akasema tunataka ibada iue watu.

Malalamiko yetu ni kwamba amri zilitoka kana kwamba sikukuu hazipo.

Tuchukue Idd al-Adha ya 2021. Mwezi ulikwisha andama, na kila nyumba ilijua Idd ni Jumanne, tarehe 20 Julai. Tarehe 14 likatoka tangazo kwamba Kigali na wilaya nane, Rubavu yetu ikiwamo, zitafungwa kuanzia tarehe 17. Kufunga hatukukupinga, kwa maana hospitali zilikuwa zimejaa. Lakini mbuzi wa kuchinja walikwisha nunuliwa, wengine kwa michango ya watu watano watano, na walikuwa wamefungwa nyuma ya nyumba wakila maganda ya ndizi. Tukauliza: fungu la maskini litamfikiaje, na nani ana ruhusa ya kulibeba? Ofisi moja ikatutuma kwa nyingine, na huko tukaambiwa tusubiri. Nyama haisubiri, Mheshimiwa, hasa kwa wasio na friji.

La pili ni mpaka wetu na Goma, Kongo, na hapa utuvumilie, maana ndipo panapouma. Kabla ya korona, makumi ya maelfu ya watu walipita kila siku kwa miguu pale Petite Barrière. Machi 2020 pakafungwa. Malori ya mizigo yaliendelea kupita. Waendao kwa miguu walingoja hadi tarehe 7 Machi 2022. Hizo ni Idd nne, mbili za kufungua na mbili za kuchinja. Mama mmoja wa mtaa wetu wa Majengo alipika pilau kama ada yake, akaiacha sufuriani hadi jioni. Binti yake ameolewa Birere, Goma, ng'ambo tu ya barabara, na hakuionja. Majirani ndio waliokula, na mama aliwapakulia bila kusema neno.

Lakini usiku wa tarehe 22 Mei 2021, volkano ya Nyiragongo ilipolipuka, maelfu ya watu wa Goma waliruhusiwa kuvuka kuja kwetu, korona ikiwapo, nasi tukawapa mikeka na maji. Uamuzi ule tunausifu hadi leo. Ila ulituonyesha kwamba mpaka hufunguka pakiwa na haja, na tangu hapo jibu la "haiwezekani" halituingii akilini.

Wala hatukupatwa peke yetu. Wakristo walikosa kanisa siku ya Pasaka, tarehe 12 Aprili 2020. Siku nne kabla, Wayahudi waliingia Pasaka yao. Kwa Abayudaya, Wayahudi wa Mbale, Uganda, karamu ya usiku wa kwanza huanza giza likiingia, na kwa amri ya kutotoka nje, saa moja jioni ndiyo ilikuwa saa ya kila mtu kuwa kwake. Israel nako watu walikatazwa kutoka nje usiku huo. Ilikuwa amri kali, lakini iliwekwa kwa ajili ya usiku huo hasa, kila mtu akajua atakula na nani. Baadhi ya marabi wenye asili ya Morocco hata waliruhusu jamaa kuonana kwa video mezani. Wenzao wakapinga vikali. Hata ubishi wa namna hiyo sisi hatukuupata, maana hakuna aliyetuuliza.

Tunasema haya sasa kwa sababu maradhi hayajatuacha. Mwaka 2024 ilikuja mpox, kisha Marburg ikaua watu 15 kati ya 66 walioambukizwa nchini.

Kwa hiyo tunaomba kila amri ya kufunga inayoangukia sikukuu, ya dini yoyote, iitaje sikukuu hiyo na kusema linaloruhusiwa. Swala ya Idd ya uwanjani ipimwe peke yake, isihesabiwe sawa na ya ndani ya msikiti. Nyama ya kuchinja igawiwe na viongozi wa mudugudu, yaani kijiji, wakishirikiana na msikiti, nyumba hadi nyumba. Mpakani, wazee na wazazi wapewe saa chache siku ya Idd, wapimwe wakiingia na wakitoka. Na matangazo yatoke kwa Kiswahili pia, ambacho ni lugha rasmi ya nchi hii tangu 2017. Bibi zetu wa Majengo wasitegemee wajukuu kuwasomea.

Tumeteua wazee wawili na mama mmoja mfanyabiashara kufuatilia jambo hili. Tunaomba watajiwe afisa mmoja, kwa jina na namba ya simu, watakayekutana naye kabla ya mwezi wa Shaaban kuisha.

Ni sisi,
Waumini wa Gisenyi