Mikopo ya asilimia 10: Nani kapewa, nani kanyimwa?

Kisheria, kila halmashauri Tanzania hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Hesabu rahisi. Shida ni orodha.

Aprili 2023 Serikali ilisimamisha mikopo hiyo baada ya CAG kuibua madeni yasiyolipwa na vikundi hewa. Mwaka 2024 ikarudi, baadhi ya halmashauri zikipitishia benki.

Sawa, benki inajua kudai. Ila mama lishe aliyenyimwa atajuaje kikundi gani kilipewa, na shilingi ngapi? Bandika majina ofisi ya mtaa. Kikundi hewa majirani watakitambua siku hiyohiyo, CAG hata hajafika.