Simbamwene wa Morogoro asisimuliwe na Stanley peke yake

Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda bara katika karne ya 19 ilizoea kupita vijiji vilivyozungushiwa boma la miti na miiba. Ikifika bonde la mto Ngerengere, chini ya milima ya Uluguru, ilikutana na kitu kingine kabisa: mji wenye ukuta wa mawe, mnara kila pembe, na milango minne iliyotazama pande nne za dunia. Aprili 1871 mji huo ulitawaliwa na mwanamke aliyeitwa Simbamwene.

Wanafunzi wangapi wa Morogoro wanamjua? Wengi wanaweza kutaja tarehe za safari za Livingstone na Stanley bila kujikwaa, ila hawana habari kwamba Stanley alipita mlangoni kwa mama huyu, akagombana naye, kisha akaenda kuandika habari zake kwa hasira. Kwa bahati mbaya, kitabu hicho cha hasira, kilichotoka 1872, ndicho kinachonukuliwa kuliko vyote kila Simbamwene anapotajwa.

Hata hivyo, Stanley hakuweza kuuficha mshangao wake. Alikisia mji una nyumba kama elfu moja na watu kati ya 3,000 na 5,000. Akasimama kuitazama milango yake, iliyochongwa kwa mbao ngumu na kujazwa nakshi kama zile za Waarabu. Kwanza alidhani imetoka Unguja au mahali pengine pwani. Baadaye akakubali kwamba, kwa jinsi watu wa Bagamoyo na wa mji huu walivyokuwa wakitembeleana, huenda mafundi wa hapo hapo ndio walioichonga. Nyumba ya mtawala nayo ilijengwa kipwani, paa refu la mteremko na baraza mbele. Hao ndio watu wa bara ambao vitabu vya wakati ule viliwaita washenzi.

Mji ulijengwa na baba yake, Kisabengo, na hapa hapafai kupaka rangi. Kisabengo alijulikana mno kwa kuteka watu, tena katika nyakati ambazo aliyetekwa aliishia utumwani. Kwa maelezo ya Stanley, alikuwa mtu wa ukoo usio na jina, hodari wa mwili na wa maneno, aliyejikusanyia watumwa watoro, akaukimbia mkono wa Sultani wa Zanzibar na kuingia nchi ya Wakami. Huko akajitwalia bonde lenye rutuba kuliko yote. Uzeeni akajiita kwa jina la mji wake, Simbamwene, na alipokaribia kufa akausia kwamba binti yake mkubwa arithi vyote viwili: kiti na jina.

Wosia huo una uzito kuliko unavyoonekana. Kisabengo alikuwa Mzigua, na Wazigua, kama walivyo majirani zao Waluguru, Wakami na Wakaguru, walihesabu ukoo kwa upande wa mama. Uluguruni mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na ardhi ya ukoo hufuata njia hiyo. Kwa desturi ya namna hiyo, mrithi wa mwanamume angetazamiwa kuwa mpwa wake, mtoto wa dada. Kumpa binti kiti lilikuwa jambo la kuruka desturi, na binti huyo alikikalia kati ya watu ambao hawakuona ajabu mwanamke kuwa shina la ukoo.

Turudi kwenye ugomvi wenyewe. Wajumbe wa Simbamwene walimfuata Stanley kudai ushuru wa kupita. Stanley akajibu kwamba kundi la mzungu mwenzake Farquhar, lililotangulia, lilikwisha kulipa kwa niaba yake, na hatalipa mara mbili. Baadaye akawatuma askari kumtafuta mpishi wake, Bunder Salaam, aliyetoroka baada ya kuchapwa kwa wizi. Askari hao wakakamatwa mjini na kufungwa minyororo, wakaachiwa tu baada ya mfanyabiashara Mwarabu, Sheikh Thani, kuwaombea na kumtisha Simbamwene kwa bunduki za mzungu.

Stanley aliyaona hayo kuwa unyang'anyi. Lakini mtawala gani huruhusu watu wenye silaha, walioajiriwa na mgeni, waingie mjini mwake kusaka mtu bila kumwuliza? Ushuru wa njia ulitozwa na watawala wengi toka pwani hadi Ugogo na Unyamwezi, na wafanyabiashara wa Kiarabu waliuhesabu katika gharama za safari. Sultani wa Zanzibar alipotoza ushuru wa forodha kwa kila pembe ya ndovu, hakuna aliyemwita mnyang'anyi. Simbamwene alifanya lile lile kwenye lango lake, akapewa jina baya.

Mwaka uliofuata mvua ilimaliza kazi. Aprili 1872 tufani iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na majira hayo hayo Ngerengere ilifurika. Stanley aliporudi akielekea pwani, alikuta vijiji vya bondeni vimesombwa, ukuta wa mji umebomolewa na mto, na mtawala amekimbia.

Wanawake wengine wa karne hiyo wamepata bahati kwa sababu waliandika. Mwana Kupona alimtungia binti yake utenzi mwaka 1858, na mpaka leo unasomwa. Sayyida Salme, binti wa Sultani Seyyid Said, alichapisha kumbukumbu zake Ujerumani mwaka 1886, na Jumba la Makumbusho la Kasri, Unguja, limemtengea chumba. Mkomanile hakuandika kitabu, lakini Songea haijamsahau mwanamke huyo aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906 pamoja na mashujaa wengine wa Maji Maji.

Morogoro nayo inadaiwa. Somo la Historia ya Tanzania na Maadili limeanza kufundishwa, na mwalimu wa mkoa huu hana haja ya kwenda mbali kutafuta mfano wa dola ndogo, biashara ya misafara, urithi wa uongozi na maafa ya mafuriko, kwa maana yote yako katika maisha ya mwanamke mmoja. Manispaa iweke kibao chenye maelezo kando ya Ngerengere. Na wazee wa Kizigua, Kikami na Kiluguru wanaosimulia habari za Simbamwene kama walivyozipokea kwa bibi zao warekodiwe sasa, wakiwa hai, ili Stanley asiendelee kuwa shahidi pekee katika kesi ambayo yeye mwenyewe alikuwa mdaiwa.