Mtoto Akiugua, Tumpeleke Wapi?

Baba na mama wakristu, mtoto akishikwa na homa wengi hukipita kituo cha afya kilicho karibu, kwa kuwa nyumba yake ni ndogo, wakafuata jengo zuri la mbali. Hivyo sivyo.

Kongo imegawanyika katika zona za afya: vituo hutibu kwanza, kisha huwatuma wagonjwa wazito kwenye hospitali kuu ya zona. Homa ikianza, nendeni kituoni siku ile ile. Mwuguzi hupima tone la damu. Kama ni malaria, huonekana upesi, na dawa hutolewa.

Lakini mtoto asiyeweza kunyonya wala kunywa, atapikaye kila kitu, mwenye degedege, au alalaye asiamke, huyo ni wa hospitali. Msimweke nyumbani kwa sindano za jirani. Malaria huharibu chembe nyekundu za damu. Viganja vikipauka sana, pengine ahitaji kuongezewa damu leo hii. Hospitali ikiwa mbali, piteni kituoni apewe dawa ya kwanza na barua.

Basi ulizeni mapema, watoto wakingali wazima: wapi pana damu iliyopimwa? Wapi pana oksijeni? Nani hukesha usiku? Rangi ya ukuta haiponyi mtu.

Tusali, lakini tusali njiani. Msamaria mwema alimfunga majeruhi vidonda, akampeleka mahali pa kutunzwa, akalipa. Ngoja ngoja huumiza matumbo.