Msiseme "Ni Uzee"

Katika mji wetu wa Bukavu liko neno moja lililotuchosha masikio. Mzee akianguka njiani, watu husema: "Ni uzee." Bibi akiamka hajui siku, husema: "Ni uzee." Wengine hunong'ona kwamba amelogwa. Sisi twasema: kabla ya kutaja uzee au uchawi, fungueni kikapu chake cha dawa.

Twendeni Kadutu, kwa mjane akaaye peke yake. Watoto wake wako Goma, Bujumbura na Ulaya. Kikapuni mna nini? Vidonge vya shinikizo la damu kutoka kituo cha afya. Vidonge vya sukari. Diklofenaki ya magoti, aliyoinunua sokoni bila paketi, imefungwa katika karatasi. Tena parasetamoli, na Doliprane iliyotumwa na binti yake wa Ulaya. Bibi adhani hizo mbili ni dawa mbali mbali. Kumbe ni parasetamoli ile ile! Mtu mzima asipite gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na mzee aliyekonda apewe pungufu. Akizidisha, ini huharibika.

Si hayo tu. Diklofenaki yaweza kumtoa damu tumboni, kuumiza mafigo na kupandisha shinikizo la damu. Basi yapigana na dawa ya kituo. Na kidonge cha sukari kiitwacho glibenklamidi hushusha sukari hata kama bibi hajala. Siku posho imekosekana, akikimeza na tumbo tupu, atatetemeka, atatoka jasho, atapotewa na akili, hata aweza kufa. Nao majirani watasema: "Ni uzee."

Wapo watakaotujibu: "Wazee husahau, hawashiki maagizo." Maagizo gani? Karatasi ya ndani ya paketi ni ya Kifaransa au Kiingereza, naye bibi ajua Kiswahili na Mashi. Muuzaji amemhesabia vidonge mkononi, akampa bila jina. Mtu ambaye hakuambiwa, amesahau nini?

Mwaka 2015, kaskazini-mashariki mwa Kongo yetu, vidonge vilivyouzwa kama diazepamu vilikutwa vina haloperidoli ndani yake. Mamia ya watu walilazwa, shingo na nyuso zimekakamaa. Hivyo vilikuwa na jina, ila jina la uongo. Tuseme nini basi juu ya vidonge vya karatasi, visivyo na jina lolote?

Ninyi wauzaji, andikeni jina la dawa, kipimo na saa ya kumeza. Na mzee akitaka dawa ya magoti, mwulizeni kwanza anameza nini nyingine. Ninyi waganga wa vituo, semeni na mgonjwa kwa lugha yake, kisha mwacheni ayarudie maagizo kwa kinywa chake mwenyewe. Hilo halidai fedha.

Na ninyi watoto, twawaambia kwa uchungu: kutuma dawa si kumtunza mama. Kila mwezi mtu mmoja, mjukuu au jirani mwaminifu, akusanye dawa zote za nyumba, pamoja na zile za miti shamba, azipeleke kituoni pamoja na mzee, mganga azione zote mara moja. Zilizoharibika ziondolewe, zinazofanana ibaki moja. Lakini mzee asiache dawa ya shinikizo la damu kwa shauri lake mwenyewe, ati kwa kuwa ajisikia vizuri.

Mwili wa mzee hauchuji dawa upesi kama wa kijana. Kwa hiyo kosa dogo kwake ni kosa kubwa. Basi, mzee akianguka tena, msiulize kwanza ana miaka mingapi. Ulizeni: leo amemeza nini, na nani aliyempa?